Jinsi Mwenyeji wa Msitu Anavyogeuzwa Skwota

Hapa Mombasa neno skwota halihitaji kamusi. Mtu kazaliwa Kisauni au Likoni, babake kazikwa uani, mnazi aliopanda babu bado unaanguliwa, kisha siku moja anatokea mwenye hatimiliki iliyoandikwa zamani katika ofisi asiyoijua. Tangu siku hiyo mwenye mnazi ni skwota. Hakuhama wala hakuvamia. Karatasi ndiyo iliyomhamia.

Naanza na skwota kwa sababu habari za jamii za msituni zinazofurushwa kwa ajili ya uhifadhi huletwa kwetu Wapwani kama jambo la mbali, la misitu ya Mau na Cherangany huko bara, la watu wa baridi. Juzi barazani Mji wa Kale kijana mmoja alikuwa akisoma kwenye simu habari za kufurushwa kwa Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, na mzee aliyekuwa na kikombe chake cha kahawa akamkata kauli: "Mwanangu, msitu usipolindwa hata maji ya kahawa hii hutayaona."

Kasema kweli. Maji ya mji huu yanatoka chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, chemchemi za Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Baricho na Tiwi. Mzima na Marere zote ziko ndani ya hifadhi. Kwa hiyo sisi si watazamaji katika kesi hii. Mitungi mingi inayoshushwa mkokotenini Majengo imepitia ardhi ambayo mtu fulani aliambiwa asiikanyage tena. Lakini mzee alijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kijana hakusema msitu usilindwe. Swali ni unalindwa dhidi ya nani, na nani aliamua.

Wanaoukosoa mtindo huu wa kuhifadhi kwa kumtoa mtu huuita uhifadhi wa ngome. Sisi wenye Ngome yetu, Fort Jesus, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, hatuhitaji kuchorewa picha: ukuta, mlango mmoja, askari juu, na mwenyeji nje akiuliza saa ngapi ataruhusiwa kuingia. Wazo lenyewe lilipata umbo Marekani, Yellowstone ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1872, na msingi wake ni imani kwamba pori halisi ni lile lisilo na watu. Palipokuwa na watu, basi, ilibidi waondolewe ili pori liwe halisi. Ukoloni uliuleta mtindo huo Afrika Mashariki, na serikali zetu za uhuru ziliurithi pamoja na majengo na mihuri.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Tsavo, na ajabu ni kwamba hauzungumzwi sana.

Kabla ya Tsavo kufanywa hifadhi mwaka 1948, nyika ile ilikuwa nchi ya Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu na Waswahili wengi huwaita Wasanye. Walikuwa wawindaji wa tembo. Pinde zao ni miongoni mwa pinde nzito kupata kupimwa duniani: kuuvuta mmoja kulitaka nguvu ya zaidi ya ratili 100, karibu kilo 45, na mshale wake ulipakwa sumu ya msunguti. Mijikenda waliishi nao kwa ujirani wa kubadilishana, hawa wakitoa nafaka, wale nyama, asali na pembe. Pembe zilishuka pwani, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Mombasa, Malindi na Lamu, zikapakiwa majahazini.

Nalisema hili la pembe makusudi. Si haki kumchora Mwaata kama malaika wa msitu aliyekula matunda tu. Aliua tembo, na katika miaka ya 1950 aliua wengi kwa sababu pembe zilikuwa na bei. Ila tazama mzigo uliangukia wapi. Kampeni kubwa ya kupambana na ujangili ya 1956 na 1957, iliyoongozwa na mhifadhi wa Tsavo Mashariki David Sheldrick na wenzake, ilifuata wawindaji kijiji kwa kijiji. Wanaume wengi wa Kiwaata walifungwa jela. Mnunuzi aliyekuwa mjini, aliyeweka pembe ghalani na fedha benki, hakuvunjiwa ukoo. Kazi waliyorithi Waata kwa vizazi ilibadilishwa jina ikawa ujangili, na pamoja nayo mtu mzima mwenye heshima akawa jangili mbele ya wanawe.

Baadhi ya wahifadhi wenyewe waliona kuna kilichokosewa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Waata wawinde tembo kihalali kwa kiwango kilichopangwa. Haukudumu, na eneo lile baadaye likawa ranchi ya ng'ombe.

Ndani ya hifadhi, tembo walizidi. Waliangusha miti, nyika ikafunguka ikawa mbuga ya majani, wanasayansi wakagombana kama wapunguzwe au waachwe. Kabla hawajapatana ukaja ukame wa 1970 na 1971, na makadirio ya kawaida ni kwamba tembo 6,000 au zaidi walikufa kwa njaa, wengi wao majike na ndama. Kisha wakaja majangili wa aina nyingine, magenge ya bunduki yasiyo na asili ya pale, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Tsavo ilikuwa imebakiwa na elfu chache. Sisemi kwamba Waata wangebaki tembo wangesalimika. Mvua haimsikilizi mtu. Lakini hesabu iliyofanywa mwaka 1948 ilimchukulia mwindaji kama kitu cha kutoa kwenye fomula, ikidhani fomula itabaki vilevile. Haikubaki. Tena waliotolewa ndio waliokuwa wakijua kila njia na kila kidimbwi, macho ambayo hifadhi ingeyahitaji sana magenge yalipoingia.

Leo ukipanda treni pale Miritini kwenda Nairobi, ukifika Tsavo utaona reli imeinuliwa na kuachiwa vivuko vya chini ili tembo wapite. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na inaonyesha kwamba hifadhi inaweza kukatwa, kuinuliwa na kujadiliwa mwombaji akiwa mkubwa. Mwenye upinde hakupewa kikao hicho.

Watu husikia neno kufurushwa wakaona trekta na nyumba zinazowaka. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini kuna kufurushwa kusikokuwa na moshi wowote, na mfano wake uko Lamu. Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, waliishi kwa uwindaji na asali katika misitu inayoelekea mpaka wa Somalia. Asali wanaitafuta kwa kumpigia mluzi ndege aitwaye kiongozi, naye huwapeleka mpaka kwenye mzinga. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwaleta kwenye vijiji kando ya barabara ya Hindi hadi Kiunga: Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe. Mwaka 1976 hifadhi za Boni na Dodori zikatangazwa. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Tangu Septemba 2015, operesheni ya kijeshi dhidi ya wapiganaji wa al-Shabaab imeufanya msitu uwe mahali ambapo mwenyeji akiingia hajui atadhaniwa nani.

Mwaboni hakupakiwa kwenye lori. Yuko palepale. Kilichoondolewa ni sababu ya yeye kuwa pale: nyama kwanza, halafu asali, halafu dawa, mwisho hata kutembea. Sheria ya wanyamapori, mstari wa hifadhi na usalama wa taifa ni mambo matatu tofauti yenye wizara tofauti, na kila moja ukiliuliza lina hoja yake. Aliye chini yake huyapata kwa mpigo, na hakuna ofisi moja ya kwenda kulalamika kwamba yote matatu kwa pamoja yamemmaliza.

Na hapo ndipo athari hugeuka kuwa kitu kigumu kupimwa kwa fidia. Chukua Waogiek wa Mau. Ardhi yao iligawanywa kwa koo, kila ukoo na eneo lake, konoito, linalopanda kutoka msitu wa chini hadi wa juu, kwa sababu maua hayachanui wakati mmoja kote na asali hufuata maua. Mizinga ilichongwa kwa mtarakwa ikatundikwa juu ya miti. Asali ilikuwa chakula, dawa, mahari, kinywaji cha wazee na mali ya kubadilishana na Wamaasai na Wakipsigis. Mtoe mtu hapo umpe ekari mbili za tambarare na jembe. Kwa vitabu vya serikali hajapoteza kitu, pengine kapata. Kwa hesabu yake kapoteza duka la dawa, benki, mahakama ya ukoo na somo la mtoto wake kwa siku moja. Majina ya miti hubaki kwa bibi, na bibi akifa huenda naye, maana mtoto aliyekulia kituo cha biashara hana mti wa kuuita. Wanaume huwa vibarua katika mashamba ya watu. Wanawake, ambao ndio waliotibu kwa majani na magome, wanabaki na ujuzi usio na malighafi. Wakiingia kuchuma, ni wahalifu.

Mau pia ndiko mkanganyiko wote wa neno mvamizi unakoonekana vizuri. Ni msitu wa takriban hekta 400,000, na mito mingi inaanzia humo. Umeharibiwa kweli. Ila wakaaji wake hawakuwa kundi moja. Walikuwepo Waogiek waliokuta msitu na kuishi nao. Walikuwepo wakulima maskini waliouziwa au kugawiwa vipande. Na walikuwepo wakubwa waliojipatia mashamba ya chai. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilikata zaidi ya hekta 61,000 kutoka kwenye msitu huo, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa kuwapa Waogiek makao. Sehemu kubwa iliishia kwa wengine. Ilipofika Oktoba 2009, Shirika la Huduma za Misitu lilipotoa notisi ya siku 30 ya kuhama, Waogiek wakajikuta kwenye notisi moja na waliowachukulia ardhi.

Kesi yao ikafika Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao, za ardhi, za dini, za utamaduni, za maendeleo. Muhimu kwa mada yetu ni hoja moja: serikali ilijitetea kwa uhifadhi, na mahakama ikasema haikuonyeshwa kwamba Waogiek ndio waliouharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na zaidi ya fedha, wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, kaunti ya Narok. Msitu ni lazima uokolewe, ndivyo ilivyoelezwa.

Mtu atauliza inawezekanaje, wakati Katiba ya 2010 iko wazi. Haiko wazi, na kasoro yenyewe ni ya kushangaza kwa udogo wake. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na ile iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma ni pamoja na misitu ya serikali, isipokuwa ile misitu ambayo jamii inaishikilia kisheria kama msitu wa jamii, malisho au mahali patakatifu. Angalia: msamaha wa kifungu cha 62 unagusa aya moja tu ya kifungu cha 63, na ardhi ya wawindaji iko kwenye aya inayofuata. Kwa hiyo msitu uleule unaweza kusomwa kuwa wa jamii kwa kifungu kimoja na wa umma kwa kingine. Mwenye bunduki husoma kile kinachomfaa.

Fidia ya fedha taslimu nayo ina hadithi yake. Katika msitu wa Embobut, Cherangany, mwaka 2013 serikali iliamua kuwapa waliokuwemo shilingi 400,000 kwa familia ili waondoke. Katika orodha hiyo Wasengwer wa asili walichanganywa na watu waliokimbilia msituni baada ya maporomoko ya ardhi. Wote wakaitwa maskwota. Januari 2014 nyumba zikachomwa. Laki nne ni fedha, sitazidharau. Lakini hupewa mwenye nyumba, mara moja, naye ni mwanamume kwa kawaida, na soko la ardhi la jirani hupanda siku ileile watu wanapojua hundi zimetoka. Wengi walirudi msituni, wakafurushwa tena, na tena. Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mradi wake wa maji na misitu katika eneo hilo baada ya Msengwer mmoja kuuawa kwa risasi. Mfadhili aliona kwa siku moja kilichokuwa kikitokea kwa miaka.

Uganda, Wabatwa, nao watu wa msituni, walitolewa Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, bila ardhi mbadala. Mgeni wa kigeni sasa hulipa dola 800 kumtazama gorila wa milimani kwa muda wa saa moja.

Turudi nyumbani, kwa sababu pwani ina ushahidi wa kinyume. Makaya ya Mijikenda, misitu yao mitakatifu, yamelindwa kwa karne nyingi bila mlinzi mwenye bunduki. Kaya Kinondo, Kaya Fungo, Kaya Kauma, Rabai, Ribe: wazee wana makatazo yao, hukati, huchomi, huingii hovyo, na anayevunja hulipa. Mkoloni alielewa nguvu ya mahali hapo kiasi kwamba mwaka 1914, Wagiriama walipomkatalia wakati wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahimiza kupinga, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Tangu mwaka 1992 serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaweka baadhi yake kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Na bado nisiwadanganye. Makaya yamemegwa. Kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya, kilijengwa hoteli miaka ya 1990. Vijana hukata miti usiku, na wazee kadhaa wa kaya wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi penye ugomvi wa ardhi. Makatazo pekee hayamshindi mwenye hatimiliki. Yanachoonyesha makaya ni jambo dogo zaidi ila la maana: mlinzi aliyezaliwa hapo, akipewa nguvu ya sheria nyuma yake, ni rahisi kuliko ukuta.

Kuna takwimu moja inayopendwa na watetezi, kwamba asilimia 80 ya viumbe hai duniani iko mikononi mwa watu wa asili. Iacheni. Mwaka 2024 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba namba hiyo haina msingi wowote, na miongoni mwao walikuwamo watu wa jamii za asili wenyewe. Haki ya Mwogiek kubaki Mau haitokani na yeye kuwa mhifadhi bora kuliko wote. Wewe hukupewa nyumba yako kwa kufaulu mtihani wa usafi.

Haya yote yangekuwa historia kama fedha mpya zisingekuja. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari kufikia 2030, kwa maneno yanayotambua haki za watu wa asili. Kaboni, hewa chafu ambayo miti huifyonza na kuihifadhi, nayo imekuwa biashara: mti uliosimama una bei. Kasigau, kati ya Tsavo mbili, ulikuwa mmoja wa miradi ya kwanza duniani ya kuuza kaboni ya msitu. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato.

Barazani, kijana alipofika hapo, mzee alitua kikombe. "Asilimia 40 si haba. Jamii gani?"

Ndipo penye kazi. Kwa sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, ili muwe jamii lazima muandikishwe: jina, orodha ya wanachama, kamati, kanuni, kisha ardhi ipimwe na ramani ichorwe. Waata wametawanyika Kilifi, Kwale na Tana River, wengine wamejificha ndani ya koo za Kigiriama na Kiduruma kwa sababu jina lao lilikuwa la aibu. Waboni wanaijua mipaka yao mti kwa mti. Lakini mpima ardhi hataki simulizi, anataka mtu atangulie mbele amwonyeshe, na msitu wa Boni tangu 2015 si mahali ambapo mzee wa Basuba anaweza kumshika mgeni mkono akaingia naye.